Mahali Imepatikana

Bendi yetu ilikuwa ya wanawake wanne, na humo ndani hakuna aliyeitwa kwa jina lake. Tuliitana kwa vyombo. Mimi nilikuwa Besi, kwa sababu gitaa la besi lina nyuzi nne tu, nene, na wenzangu walikubaliana kwamba mtu aliyetoka chuo kikuu asipewe kitu kigumu zaidi ya hapo. Mwimbaji aliitwa Maiki. Mpiga ngoma aliitwa Mama Drams, mjane mpole mwenye mabega ya mpagazi, aliyefanya kazi kwenye mashine za kufuma za kiwanda kimoja cha Nyakato mpaka masikio yake yakachoka. Nusu ya maneno uliyomwambia aliyasikia, nusu aliyasoma mdomoni. Jukwaani hakuwa akitusikiliza hata kidogo. Aliangalia vidole vya mpiga solo, na kutoka huko akajua pa kugonga.

Mpiga solo aliitwa Solo. Nikisema tulikuwa wanamuziki wanne naongeza chumvi. Watatu tulipiga vyombo. Solo alipiga muziki.

Alikuwa binti wa mfugaji aliyelima na pamba, na baba yake alimruhusu kuja mjini kusokota nyuzi katika kiwanda kilekile cha Mama Drams. Kiwanda kilikuwa na bendi ya wafanyakazi, wanaume watupu, waliofanya mazoezi stoo. Saa ya chakula wanaume walikwenda kula wakaacha magitaa yameegemea ukuta. Solo hakuwa mlaji. Hivyo ndivyo alivyojifunza.

Kisha ikaja miaka ya ubinafsishaji. Kiwanda kikafungwa kikisubiri mwekezaji, bendi ikahamia Dar es Salaam na vyombo vizima, ikaacha vibovu. Mama Drams, aliyebakizwa kuangalia stoo, alikuwa na funguo. Kati ya vibovu kulikuwa na amplifaya yenye spika iliyopasuka, tukaiziba kwa plasta ya jeraha. Solo alipochomeka gitaa humo na kupiga rumba yake safi, ikatoka upande wa pili inanguruma kama fisi aliyekabwa. Wenzangu wakaruka. Mimi, niliyekuwa nimesikia mabwenini kanda za Wazungu wenye nywele ndefu, nikatangaza kwa mamlaka yote ya shahada yangu: hii ni roki. Chuo kikuu kilinifundisha kwamba kasoro ikipewa jina la kigeni huwa mtindo. Ni kati ya mafunzo machache niliyowahi kuyatumia.

Mengine sikupata pa kuyatumia, kwa sababu serikali iliacha kugawa ajira mwaka uleule niliohitimu, kana kwamba ilikuwa ikinisubiri mimi. Nilirudi Mwanza na shahada ya Kiswahili, nikapewa godoro kwa dada yangu Mirongo. Mama yangu, Mlutheri wa Kagera aliyeuza ndizi na kahawa ili nisome, alikuja kunitembelea akanikuta nafunga nyuzi.

"Hicho ndicho walichokufundisha?" aliuliza.

"Hapana, mama. Hiki nimejifunza mwenyewe."

"Basi wao walikufundisha nini?"

Niliendelea kufunga nyuzi.

Jumapili alasiri tulipiga bugi, dansi la mchana, katika hoteli mpya ya ufukweni, ya tajiri mmoja wa minofu ya sangara. Watu walikuja kwa wingi, na kwa muda mrefu nilidhani wamekuja kusikiliza. Walikuja kuchunguza. Mjini palikuwa na uvumi kwamba nyuma ya pazia wamefichwa wanaume wanaopiga, sisi tunatikisa mikono tu. Jumapili moja mteja alizunguka nyuma kuhakikisha, akamkuta mpishi wa kiume anamenya viazi. Akarudi mezani ameridhika. "Nimemwona," aliwaambia wenzake. "Mnene hivi. Yuko huko."

Wale waliokubali kwamba ni sisi, ikawabidi waamue sisi ni nini. Mwanamke jukwaani walimjua: ni mnenguaji, au ni mwimbaji anayemsubiri mwanaume amalize solo yake. Mwanamke aliyeinama juu ya gitaa, amekunja uso, anang'ata mdomo wa chini, huyo hawakuwa na pa kumweka. Wengine walituita majikedume. Wengine walijaribu kutusaidia turudi kwenye mstari. Solo alipofika pale ambapo gitaa lake lilikuwa linapanda, pale ambapo mimi mwenyewe nilisahau kupiga, sauti ya kilevi ilitoka mezani: "Nyonga! Dada, tunataka nyonga!" Na meza nyingine ziliitikia, "Nyonga! Nyonga!" kama watu wanaodai soda waliyokwisha kulipia.

Mimi nilikuwa na dawa ya tatizo hilo, kwa kuwa nilikuwa na nadharia. Nilisema tukivaa kama wanenguaji tutaonekana wanenguaji, kwa hiyo tuvae kama roki yenyewe. Nilikwenda Mkuyuni sokoni, nikafukua marobota ya mitumba, nikarudi na suruali za jinzi na makoti ya ngozi meusi ya kiume, mazito, yaliyoshonwa kwa ajili ya baridi ambayo Mwanza haijawahi kuionja. Tulipanda jukwaani tukiwa tunachuruzika jasho. Nilijiona wa kutisha. Dada yangu aliyekuja kutazama alisema nilifanana na mgambo aliyepotea lindo. Mama Drams alivua lake baada ya wimbo wa kwanza, akalitandika kwenye kigoda akalikalia.

"Wewe Solo unataka kuvaa nini?" nilimuuliza siku ile, nikitegemea kuungwa mkono.

"Nguo," alisema.

"Nguo gani?"

"Ya kuvaa, dada Besi. Kwani nguo si inavaliwa tu?"

Siku hizi naalikwa kwenye makongamano kuzungumzia taswira ya mwanamke katika sanaa, narudishiwa nauli na kupewa chakula cha mchana, na sijawahi kusema kitu kilichofika karibu na jibu hilo. Wakati ule nililiona la kishamba. Solo akavaa koti la ngozi kwa kunihurumia.

Baba yake alikuja kutuona mara moja. Aliketi meza ya pembeni kwa kofia na koti lake la heshima, akanywa soda polepole, akasikia yote: gitaa, na makofi, na nyonga. Bugi lilipokwisha alikuja nyuma, kwenye makreti, vijidudu vya ziwani vikitanda juu ya kofia yake kama moshi.

"Shikamoo, baba," tulimwamkia.

"Malahaba, wanangu. Kumbe ni kweli mnapiga wenyewe. Mimi nilidhani kuna kaseti."

Tulicheka. Yeye hakucheka.

"Sasa wale wanaoita nyonga, nyonga, wanamwita nani?"

"Walevi tu hao, baba," Maiki alisema.

Mzee alimgeukia binti yake. "Mwanangu, kazi ni kazi. Mimi sikatai kazi. Lakini kazi ina mahali pake, na hapa siyo. Tafuteni mahali pa heshima, mtu akiniuliza binti yako yuko wapi, nimwonyeshe kwa kidole. Nitasubili mpaka pamba iuzwe. Kuna watu wameshakuja kuuliza habali zako, na mimi siwezi kuwajibu maneno ya hewani kila siku."

Nimeandika alivyotamka. Kisukuma hakina haja na r, kwa hiyo wenyewe huivusha upande wa l bila kulipia ushuru. Sisi wa Kagera tuna dhambi zetu nyingine za matamshi, ila hatuhesabu. La muhimu nililielewa vizuri, na Solo alilielewa kuliko mimi: mahali pa heshima kabla pamba haijauzwa, au arudi nyumbani kuolewa na mtu aliyekuja kuuliza habari zake. Usiku ule hakulala, alisema. Alikuwa akihesabu kichwani, kati ya watu wote anaowajua, nani ana ukumbi.

Haikupita muda mrefu tajiri wa sangara akatuita ofisini. Juu ya meza palikuwa na mfuko.

"Wanangu, mnapiga vizuri, sikatai," alianza. "Lakini mteja anakula kwa macho kwanza."

"Sisi siyo minofu, bosi," alisema Maiki.

"Mnofu haunibishii." Akafungua mfuko, akatoa kitu kinachong'aa, akakining'iniza kwenye kidole kimoja.

Mama Drams alisogea kukitazama. "Hiyo leso?"

"Sketi, mama. Zimetoka Dar."

"Ya nani? Ya mwanasesere?"

"Ya kwako, mama. Ziko nne."

Mama Drams aliichukua, akajipima kwenye goti, akacheka mpaka machozi. Kisha akamwuliza, kwa upole wake uleule, atapigaje ngoma ya mguu ameketi miguu imetengana akiwa na leso hiyo. Tajiri alisema ndiyo hasa maana yake. Hapo kicheko kikaisha. Maiki peke yake angekubali. Alipenda kung'aa, na alisema wazi kwamba kati ya kupikwa ndani ya ngozi na kuangaliwa mapaja, mapaja yana hewa. Lakini alimtazama Solo, akaichukua ile sketi akairudisha mfukoni. Tuliuacha mfuko mezani. Jumapili iliyofuata jukwaa lilikuwa la wanaume wanne wenye magitaa na wasichana wanne wenye sketi zetu, na mteja yule wa pazia, naamini, hatimaye alipata amani.

Mwezi uleule mwekezaji akaja kiwandani na kufuli lake. Mama Drams alipewa muda wa kutoa vibovu vyetu, tukavirundika kwenye uwanja wa dada yangu chini ya turubai. Tukaanza kuzunguka mji. Wazee wa kanisa moja walisema ukumbi upo, tuvae magauni marefu, gitaa lipunguzwe mpaka lisikike kama kinanda. Mwalimu mkuu wa shule moja ya wasichana alisema hawezi, wanafunzi wataiga. Nilipomuuliza wataiga nini, alitazama suruali yangu kwa huruma. Mwenye baa moja Mkuyuni alikubali mara moja, vaeni mnachotaka, ila mkimaliza kupiga mkae na wateja. Kila mlango tuliobisha ulikuwa na nguo yetu imening'inizwa nyuma yake. Na huko vijijini pamba ilikuwa inachumwa.

Ni Solo aliyemkumbuka baba yake mdogo. Kwao kulikuwa na ukumbi wa chama cha ushirika uliobaki mtupu tangu wanunuzi binafsi waingie. Una umeme, una jukwaa la mikutano, na uko mbele ya macho ya baba yake kabisa. Kuliko heshima hiyo, ipi? Akamtumia salamu baba mdogo atuulizie mahali.

Baba mdogo alifika Mirongo siku ambayo Solo alikuwa kibaruani, akanikuta mimi. Alikataa chai, alikuwa na haraka.

"Mwambie Solo wenu," alisema, "mahali imepatikana. Jumamosi mje wote, malafiki zake. Mje na vyombo. Watu watakuwa wengi."

Nilimshukuru hadi nikapiga goti, jambo ambalo suruali ya jinzi haipendi. Na hata katika furaha ile, mwanafunzi wa Kiswahili aliye ndani yangu alinyoosha kidole: *pamepatikana*, baba mdogo. Mahali *pamepatikana*. Sikusema kwa sauti, nina adabu. Lakini jioni nilipompa Solo ujumbe niliufikisha ukiwa umepigwa pasi: "Mahali pamepatikana." Alikaa chini kwenye turubai, akaficha uso kwenye mikono.

Jumamosi tulikodi pikapu. Tulivaa sare, makoti na yote, kwa sababu nilisisitiza kwamba hii ndiyo siku ya kuonekana bendi. Barabara ilikuwa ya vumbi, mashamba ya pamba pande zote yamebaki mabua. Solo alikaa nyuma akiwa amelikumbatia gitaa, akituonyesha: pale nilisoma, pale nilianguka na ndoo. Sikuwahi kumsikia akiongea hivyo.

Pikapu haikwenda kwenye ukumbi. Baba mdogo alitusimamisha njiani akaielekeza uwanjani kwa baba yake Solo. Watu kweli walikuwa wengi. Wazee kwenye viti vya kukunja, wanawake kwenye mikeka, vyungu motoni. Solo aliruka chini akiwa na koti jeusi na gitaa begani, na uwanja mzima ukamgeukia.

"Baba mdogo," nilimnong'oneza, "ukumbi uko wapi?"

"Ukumbi gani?"

"Si ulisema mahali pamepatikana?"

"Ndiyo. Mahali." Alinyoosha mkono kuelekea zizini, amejaa fahari. "Wale pale."

Niliwaona. Ng'ombe wazuri, wengi, wapya, wanasukumana kwenye zizi wasilolizoea. Mahari imepatikana. Katika sentensi nzima ya baba mdogo nilikuwa nimesahihisha neno pekee lililokuwa sahihi.

Sitadai kwamba ningeelewa mapema mambo yangekuwa mengine. Ng'ombe walikwisha kutoka kwao, wazee walikwisha kuketi. Baba yake alimjia Solo polepole. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonivunja.

"Nilisubili, mwanangu," alisema.

"Baba, bado tunatafuta."

"Pamba imeuzwa."

Solo akatugeukia sisi, kisha akatazama zizi. Shangazi zake walimzunguka. Mmoja alimfunga khanga kiunoni juu ya jinzi, mwingine akamtandika nyingine mabegani juu ya koti, haraka haraka, kama watu wanaofunika chungu mvua inapoanza. Walipomaliza alikuwa mnene, amevimba pande zote, hana umbo la kitu chochote. Mwanamke mmoja alikuwa akichungulia ndani ya ngoma ya Mama Drams. "Tuliambiwa marafiki wanakuja na vyombo," alisema. "Hili sufuria gani lisilo na kitako?"

Bibi mmoja wa upande wa bwana harusi alimshika Solo mkono wa kushoto, akaukunjua, akabonyeza ncha za vidole moja moja.

"Huyu ana sugu," alisema.

"Mchapakazi," shangazi alidakia.

"Sugu ya jembe inakaa kiganjani. Hizi ziko nchani. Za nini?"

"Za kuchuma pamba, mama. Huyu akiingia shambani huwezi kumtoa."

Bibi alibonyeza tena, akaridhika, akapiga kigelegele. Wakaitikia wote. Miaka yote ile ya saa za chakula za kiwandani, ikapita pale kama sifa ya mkulima.

Mzee wa upande wa pili, mchangamfu, aliona vyombo vyetu. "Bibi harusi anapiga gitaa? Apige basi tumsikie!"

Umeme hapakuwa nao. Gitaa la umeme bila umeme ni ubao wenye nyuzi. Nilitaka kueleza, lakini Solo alikwisha kuketi kwenye kigoda katikati ya mkeka, ameliinamia. Mama Drams aliketi ubavuni kwake, akaanza kugonga taratibu. Mimi nilisimama nyuma na besi langu bubu. Niliona mgongo wa khanga na kiwiko cha kulia kikidonoa. Kutoka hatua chache sikusikia ila mlio kama wa panzi kwenye chupa. Watu wa mbele walisikia ngoma. Wa nyuma hawakusikia kitu, wakaendelea na mazungumzo. Baba yake alisogeza kiti, akainamisha sikio. Mara ya kwanza kumsikiliza pasipo mtu kudai nyonga, na hapakuwa na cha kusikia.

Machozi yalinitoka. Nilijua ninachokiona: mwanamke aliyenyang'anywa sauti anapiga wimbo wake wa mwisho kwa ajili yake mwenyewe, katikati ya soko la mwili wake. Kabla hajamaliza nilikuwa nimekwisha kuiandika kichwani, aya kwa aya.

Walimpigia makofi. Akasimama, akanipa gitaa bila kunitazama. "Nendeni na hili, dada Besi. Huku litaliwa na mchwa."

Nilimvua koti la ngozi chini ya khanga, kwa shida, mkono mmoja mmoja. Ndani yake alikuwa amevaa gauni la kawaida la maua, ameliingiza kwenye jinzi. Siku zote alikuwa amelivaa humo.

Tulirudi watatu nyuma ya pikapu. Maiki alikuwa akilia wazi. Nilimgusa Mama Drams goti, nikamgeuzia uso asome mdomo wangu.

"Wewe uliona vidole," nilisema. "Alipiga wimbo gani?"

"Hakupiga wimbo."

"Si alikuwa anapiga?"

"Alikuwa anazilegeza nyuzi. Mkono huu anadonoa, huu anazungusha vifungio. Mmoja, anakwenda wa pili. Mimi niligonga tu wasije wakajua."

Nililipakata gitaa. Nyuzi zote sita zilikuwa zimelegea mpaka zinagusana, na kila pikapu iliporuka zilipiga ubao bila mlio wowote wa maana, hadi Mwanza.